Istilahi za Masomo ya Mwalimu Aliye Kazini

Utangulizi

Mji wa Tabora ulikua juu ya njia. Kabla ya reli kufika hapo mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, ikapanga upya mizigo yake, ikaajiri wapagazi wengine, wengi wao Wanyamwezi, kisha ikaendelea na safari. Pamoja na pembe, nguo na shanga, misafara hiyo ilibeba maneno. Kirangozi alikuwa mtu aliyetangulia mbele kuonyesha njia. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho. Hongo ilikuwa malipo aliyopewa mtemi ili msafara uruhusiwe kupita katika nchi yake, jambo walilolijua vyema wasafiri wote waliokatiza Ugogo.

Misafara ilipokoma maneno hayo hayakufa. Yalihamia kazi nyingine. Hongo, iliyokuwa ushuru wa wazi, leo ni rushwa. Posho imeingia ofisini, na mtumishi anayekwenda semina huiulizia kama mpagazi alivyoiulizia jioni kambini. Tunayakumbusha haya kwa sababu moja tu: neno linapohamia jambo jipya huja na sehemu ya maana yake ya kale, na asiyelitambua hilo huweza kuamini kwamba ameahidiwa kitu ambacho hakuahidiwa.

Miongoni mwa wasafiri wa leo wa njia hiyo yumo mwalimu. Anaweza kutoka Tabora kuelekea Bagamoyo, yalipo makao ya Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ujulikanao kwa kifupi cha ADEM, ili kusomea uongozi wa shule. Anaweza pia kubaki mjini Tabora na kujiandikisha katika kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, au kubaki shuleni kwake na kujifunza pamoja na wenzake. Safari hizi tatu si moja, wala malipo yake si mamoja. Lakini katika barua, matangazo na tafsiri zetu mara nyingi hupewa jina moja. Makala haya yanakusudia kuzitenganisha istilahi hizo, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wazitumie kwa maana moja.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kwanza, yapo mafunzo yanayomsaidia mwalimu kuifanya vizuri zaidi kazi ileile anayoifanya, bila ya kumpa sifa mpya katika jalada lake. Mfano wake ni mafunzo ya siku chache ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya mwanzo.

Pili, yapo masomo yanayomalizikia katika sifa mpya inayotambuliwa na mamlaka: stashahada, shahada, stashahada ya uzamili, au shahada ya uzamili.

Tatu, zipo kozi mojamoja zinazofundishwa kwa kiwango cha uzamili, lakini ambazo peke yake hazimpi mtu shahada. Hizi ni nyingi katika nchi kama Marekani, na zinazidi kutufikia kwa njia ya mtandao na kwa ushirikiano wa vyuo.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule ya msingi wilayani Uyui anapokea tangazo lililotafsiriwa kutoka Kiingereza, lisemalo kwamba kutakuwa na “kozi za wahitimu za maendeleo ya kitaaluma kwa walimu”. Mwalimu mkuu analisoma na kudhani ni kikao cha kujadili matokeo ya wanafunzi. Mwalimu mwenyewe analisoma na kudhani kwamba, kwa kuwa alihitimu chuo cha ualimu, kozi hiyo inamhusu. Analipa ada, anaomba ruhusa ya masomo, na akirudi anataraji kubadilishiwa muundo wa utumishi. Ofisa utumishi analitazama jalada na kukuta cheti kisichomo katika orodha ya sifa anazozijua. Hakuna aliyedanganya hapa. Kila neno la tafsiri ile limo katika kamusi, na bado mwalimu amepoteza fedha na muda. Tuyachunguze basi maneno hayo moja baada ya jingine.

Mhitimu

Katika Kiswahili, mhitimu ni mtu yeyote aliyemaliza masomo ya daraja fulani. Tunao wahitimu wa darasa la saba, wa kidato cha nne, wa chuo cha ualimu na wa chuo kikuu. Kwa hiyo “kozi za wahitimu” ni maneno yasiyosema kitu mpaka tuambiwe wamehitimu nini. Kiingereza cha Marekani kina neno moja linalomaanisha kwamba masomo hayo huja baada ya shahada ya kwanza. Neno letu halina maana hiyo, na kulitwisha maana hiyo bila ya kuwaarifu wasomaji ni kuwapoteza. Yafaa mfasiri aandike wazi: kozi za kiwango cha uzamili, au kozi kwa wenye shahada ya kwanza.

Taaluma

Neno hili lina kazi mbili katika elimu. Kwa upande mmoja hutaja fani ambayo mtu ameisomea na kuifanyia kazi, kama vile taaluma ya ualimu au ya uuguzi. Kwa upande mwingine, ndani ya uzio wa shule, taaluma ni masomo na alama zake. Mwalimu wa taaluma ndiye anayeshughulikia ratiba, mitihani na matokeo. Na taarifa ya maendeleo ya kitaaluma ni ile anayopelekewa mzazi mwishoni mwa muhula. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa mfano wetu hakukosea: alilisoma neno kama linavyosomwa shuleni.

Panapokusudiwa ustadi wa mwalimu katika kazi yake, neno weledi linafaa zaidi. Limekwisha kuzoeleka katika utumishi wa umma, na halina uhusiano na alama za wanafunzi. Tukisema “mafunzo ya kuendeleza weledi wa walimu”, hapana atakayeuliza ni wanafunzi wangapi waliofaulu.

Kazini na endelevu

Istilahi mafunzo kazini ina umri mkubwa kidogo, na maana yake imepitia mabadiliko. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuagiza kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Serikali iliwachukua vijana waliomaliza elimu ya msingi, wakafundisha huku wao wenyewe wakifundishwa ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi. Walikuwa kazini, lakini mafunzo yale yalikuwa yao ya kwanza. Hapa twaona kwamba neno kazini hutaja mahali na wakati mtu anapojifunza, wala halitaji daraja la masomo. Mafunzo kazini yanaweza kuwa ya mtu asiyewahi kusomea ualimu, na yanaweza kuwa ya mwenye shahada mbili.

Mafunzo anayopewa mtu kabla ya kuajiriwa huitwa siku hizi mafunzo tarajali, na anayeyapata huitwa mwalimu tarajali. Jozi hii, tarajali na kazini, ni nzuri na yafaa ihifadhiwe.

Mkoa wa Tabora umeyaona mafunzo kazini ya namna nyingi. Kati ya mwaka 2014 na 2020, mikoa ya Tabora na Kigoma ilikuwa miongoni mwa ile iliyohudumiwa na mpango wa EQUIP-Tanzania uliogharamiwa na Uingereza, ambao sehemu kubwa ya mafunzo yake ya walimu wa shule za msingi ilifanyika shuleni. Kisha, kufuatia kiunzi cha taifa cha mwaka 2020, yakaja Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanayosimamiwa na Wizara pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika mpango huu walimu wa shule hukutana katika jumuiya za kujifunza, hujadili mada ngumu za masomo yao, na hukutana na wenzao wa shule jirani au katika vituo vya walimu.

Neno endelevu linahitaji uangalifu. Wengi walilizoea kwanza katika maendeleo endelevu, ambapo lina maana ya maendeleo yasiyoharibu akiba ya vizazi vijavyo. Katika MEWAKA halina maana hiyo. Maana yake ni mafunzo yasiyokoma, yanayomfuata mwalimu tangu siku ya kuajiriwa hadi ya kustaafu. Maana zote mbili zinatokana na kitenzi endelea, na hatuoni haja ya kulifukuza neno katika uwanja mmoja. Lakini mfasiri anayeirudisha istilahi hii katika lugha nyingine sharti ajue ni ipi anayoishika, asije akawaeleza wageni kwamba walimu wa Tabora wanafundishwa kutunza misitu.

Kuna na jambo jingine. Neno semina limezoea kwenda na safari, na safari imezoea kwenda na posho. Mafunzo yanayofanyika shuleni kwa mwalimu hayana safari. Yakitangazwa kwa jina la semina, yanaanza na manung’uniko kabla ya somo la kwanza. Yakiitwa mafunzo ya shuleni, kila mtu atajua mapema anachokijia.

Ngazi za shahada

Kiswahili kimejijengea ngazi iliyopangika: astashahada, stashahada, shahada, shahada ya uzamili, shahada ya uzamivu. Shina ni shahada, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya ushahidi, na kwa kweli cheti cha chuo ni ushahidi. Katika uzamivu tunakisikia kitenzi zama: msomi amezama hadi chini kabisa. Katika uzamili, wajuao Kiarabu hukumbuka zamili, yaani mwenzi katika kazi. Hata hivyo ngazi hii ina vipandio viwili ambavyo watu hujikwaa.

Kipandio cha kwanza ni stashahada ya uzamili. Kwa jina lake huanza na stashahada, ambayo ni chini ya shahada. Lakini kwa daraja lake huja baada ya shahada ya kwanza. Stashahada ya Uzamili katika Elimu, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, humfaa hasa mtu mwenye shahada ya fani nyingine, kama vile sayansi au biashara, ambaye ameingia au anataka kuingia katika ualimu. Karani anayesoma neno la kwanza na kuacha la mwisho atamweka mtu huyu chini ya mahali pake. Kwa hiyo jina hili lisifupishwe kamwe. Si stashahada ya elimu. Ni stashahada ya uzamili katika elimu.

Kipandio cha pili ni jina la shahada inayofuata ile ya kwanza. Vyuo vingine huiita shahada ya uzamili, na vingine, hasa katika tasnifu za Kiswahili za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huiita shahada ya umahiri. Maneno yote mawili ni mazuri. Lakini mihtasari ya shule hutumia neno umahiri kwa uwezo ambao mwanafunzi anatarajiwa kuujenga, na hutaja umahiri mkuu na umahiri mahususi. Mwalimu akialikwa katika “mafunzo ya umahiri” hawezi kujua kama anaitwa chuo kikuu au anaitwa kujifunza kuuchambua muhtasari mpya. Maadamu neno uzamili halina kazi nyingine yoyote, twapendekeza libakie kuwa jina la shahada, na umahiri uachiwe mtaala.

Aidha mfasiri asitafsiri jina la shahada bila ya kuuliza daraja lake. Tabora yenyewe ina mfano mashuhuri. Julius Nyerere, aliyesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora na kisha Makerere, alirudi mjini hapo kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Milambo. Mwaka 1949 aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1952 akapata shahada ya M.A. Wengi huandika kwamba hiyo ilikuwa shahada ya uzamili, kwa kuwa herufi hizo kwingineko zina maana hiyo. Lakini vyuo vikuu vikongwe vya Uskoti hutoa M.A. kuwa shahada ya kwanza katika sanaa. Kwa hiyo tafsiri sahihi ya daraja lake ni shahada ya kwanza. Kusema hivyo hakumpunguzii Mwalimu hadhi hata chembe. Ni kuliandika jambo kama lilivyokuwa. Kama herufi mbili zimewapoteza waandishi juu ya mtu anayejulikana na taifa zima, itakuwaje kwa mwalimu asiyejulikana, ambaye vyeti vyake vya nje vinasomwa na mtu mmoja tu ofisini?

Kiwango cha uzamili bila shahada

Nchini Marekani mwalimu aliyekwisha kuajiriwa huweza kusoma kozi moja ya kiwango cha uzamili, akapata krediti kadhaa, na krediti hizo zikahesabiwa katika kuhuisha leseni yake ya kufundishia au, katika wilaya nyingi za elimu, katika kupanda ngazi ya mshahara. Si lazima amalize shahada. Anaweza kukusanya kozi za namna hiyo kwa miaka mingi, na asiwe na shahada ya uzamili.

Kwetu utaratibu ni mwingine. Masuala ya utumishi wa mwalimu wa umma, kama vile kuthibitishwa na kupandishwa daraja, yamo mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Na kubadilishiwa muundo kwa sababu ya elimu kunafuata sifa iliyokamilika na kutambuliwa. Mafungu ya krediti hayana mahali palepale yaliyo napo Marekani. Ndiyo sababu tofauti ya maneno mawili madogo ni kubwa sana: kozi ya kiwango cha uzamili haina maana sawa na kozi ya shahada ya uzamili. Ya kwanza hutaja ugumu wa masomo. Ya pili hutaja zawadi ya mwisho. Mfasiri akiyafupisha yote mawili kuwa “kozi ya uzamili”, amefuta habari ambayo msomaji aliihitaji kuliko zote kabla ya kulipa ada.

Kujiendeleza na kuendelezwa

Tumalizie uchambuzi kwa sarufi, maana hapa kiambishi kimoja kinabeba fedha. Mwalimu anayejiendeleza ametumia kiambishi ji: yeye ndiye mtenda na ndiye mtendwa. Mwalimu anayeendelezwa ana mtu mwingine anayemwendeleza. Tangazo likisema “walimu wanaotaka kujiendeleza”, Mswahili husikia kwamba gharama na juhudi ni za mwalimu mwenyewe. Likisema “walimu wataendelezwa”, husikia kwamba mwajiri amebeba mzigo. Watungaji wa nyaraka mara nyingi hutumia kujiendeleza kwa yote mawili, kwa kuwa neno hilo lina sauti ya kusifu bidii. Bidii ni jambo jema, lakini sifa isitumike kuficha nani atalipa.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, twapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Mafunzo tarajali yawe ya kabla ya ajira, na mafunzo kazini yawe ya baada ya ajira, ya daraja lolote.

2. Mafunzo endelevu yatumike kwa mafunzo yasiyokoma katika maisha yote ya kazi, na tangazo lieleze kama yanatoa sifa mpya au hayatoi.

3. Kuendeleza weledi kutumike badala ya maendeleo ya kitaaluma, pale inapokusudiwa kazi ya mwalimu na si alama za mwanafunzi.

4. Kozi ya kiwango cha uzamili itofautishwe siku zote na kozi ya shahada ya uzamili, na neno wahitimu lisitumike peke yake kutaja kiwango.

5. Stashahada ya uzamili iandikwe kwa ukamilifu, na jina la shahada ya nchi za nje lifuatwe na daraja lake.

6. Kujiendeleza na kuendelezwa yatumike kwa kumtaja anayegharamia.

Hitimisho

Yawezekana msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya maneno tu, na kwamba mwalimu mwenye akili ataulizia kabla ya kujiandikisha. Ni kweli kwamba ataulizia akiwa karibu na ofisi. Aliye mbali, ambaye tangazo limemfikia kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, hana cha kuuliza ila karatasi ile. Kwake, lugha ya tangazo ndiyo kirangozi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusaidia Kiswahili kitumike ipasavyo katika shughuli za serikali na za umma. Barua inayomwita mwalimu masomoni ni shughuli ya serikali kama zilivyo nyingine. Tunawaomba wafasiri, wakufunzi na maofisa utumishi waijaribu orodha hii katika nyaraka zao, na pale itakapopwaya watuletee maneno wanayoyasikia huko waliko, ili istilahi itakayosanifiwa iwe ile ambayo mwalimu mwenyewe ataisoma na kujua anakwenda wapi, kwa gharama ya nani, na atarudi na nini.